Watoto Hawagongi

Bibi aligonga ukuta kwa kijiko, mara moja tu, halafu akatega sikio.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shuka limemzunguka kiunoni, miguu yake haigusi sakafu sawasawa kwa sababu kitanda kilikuwa kimenyanyuliwa kwa matofali. Kijiko chenyewe kilikuwa cha bati, kirefu, kimelika upande mmoja kwa kukwangua masufuria ya miaka na miaka. Aligonga, akafumba macho kama mtu anayeonja chumvi, akangoja. Upande wa pili wa ukuta mtu alisonya.

"Mama mwenye nyumba!" Sauti ya mpangaji ilipita kana kwamba hakuna ukuta. "Mama mwenye nyumba, mimi nimechoka!"

Binti yake Bibi, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alikuwa barazani tangu kabla ya kupambazuka, kola za sare za shule zimerundikana mapajani, na alijua kinachokuja. Akachomoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kifuani kwenye gauni, akainuka.

Mpangaji alikuwa muuza viatu vya mitumba, jitu refu lenye sauti nyembamba. Alisimama mlangoni kwake, kiatu cha kike mkono mmoja, brashi mkono wa pili.

"Dada Fundi, mimi si mtu wa maneno. Lakini kila alfajiri, ko! Nangoja ya pili, haiji. Angekuwa anagonga mfululizo ningesema mgonjwa anaita. Hii moja, halafu kimya, inaniacha na mimi nimetoa macho. Nangoja nini, sijui."

"Ni mzee, ndugu yangu. Mvumilie."

"Namvumilia. Tatizo ukuta wenyewe karatasi. Mkikohoa nasikia, mkinong'ona nasikia. Anamwita nani? Kama ni mimi, niitike?"

"Usiitike!" Fundi alisema, kwa haraka iliyomshtua hata yeye.

Muuza viatu alimtazama. Akateremsha kiatu polepole. "Basi kuna mtu," alisema. "Nilijua. Nyumba hii ina mtu mwingine."

Fundi alirudi kwenye cherehani. Mlango wa pili ulifunguka, akatoka binti yake, mjukuu wa pekee wa Bibi, msichana aliyesuka watu nywele kwenye saluni ya barabara kuu. Alikuwa ameshajifunga kitambaa, chanuo limechomekwa nyuma ya sikio kama kalamu ya karani.

"Mama, kwani Bibi anagonga nini?"

"Uzee."

"Au ni mambo ya kule hotelini? Labda walikuwa wakigongeana, nguo zikikauka."

Fundi aliinamia kola. Msusi alikua akiambiwa kwamba bibi yake alikuwa mfuaji wa shuka kwenye hoteli moja kubwa, na kwamba ndiyo maana mikono yake ilikauka vile. Hadithi hiyo aliitunga Fundi, naye aliitunza kama mtu anavyotunza nguo ya kutokea. "Inawezekana," alisema. "Nenda kazini, utachelewa."

*

Maradhi ya koo ya Bibi yalikuwa yameanza kama mafua yasiyopona. Sasa sauti yake ilikuwa mkwaruzo, msasa juu ya ubao, na daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: kile kisanduku cha sauti kitatolewa chote, Alhamisi, ndipo mzee apate kuishi. Ataishi. Ila hatasema tena.

Fundi alilia njia nzima ya kurudi. Bibi hakulia. Alitaka tu kujua Alhamisi ni lini.

Jumatatu, Fundi alipomletea uji, Bibi alimshika mkono.

"Yule mama mwenye begi jekundu," alisema. "Nimemwita. Atakuja Jumatano."

Fundi alimjua. Mama yule walikutana naye kwenye benchi la hospitali. Bibi alikuwa akigongagonga ubao wa benchi kwa pete, bila kujijua, na yule mama aliyekaa mwisho wa benchi akageuka, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada mkubwa, wewe ulikaa safu gani?" Wakashikana mikono kama watu waliopotezana sokoni. Yeye mwenyewe aliwahi kuifanya kazi ile, na hakuificha. Sasa alikuwa na wenzake na chumba kimoja cha kukodi, na mashine ndogo ya kunasa sauti, na walizunguka kwa wanawake wazee waliowahi kujiuza, wakiwasikiliza na kuweka sauti zao. Anayetaka sauti yake isikike leo, inasikika. Anayetaka ifungiwe mpaka afe, inafungiwa.

"Umemwita kwa simu ya nani?" Fundi aliuliza.

"Yako. Ulikuwa bafuni."

"Mama." Fundi aliweka bakuli chini. "Tumekaa mtaa huu miaka yote, hakuna anayetunyooshea kidole. Nashonea shule. Watoto wa watu wanavaa nguo za mikono yangu. Mwanao ana heshima yake, mjukuu wako..."

"Mjukuu wangu anadhani nilifua shuka."

"Na ulifua!"

"Nilifua," Bibi alikubali, na kitu kama kicheko kikakwaruza kooni. "Sana tu. Nisikilize mwanangu. Sisemi juu yangu. Mimi nina wewe, nina kaburi litakaloandikwa jina langu. Nasema wale wenzangu wa kule. Mrefu. Mama Taa. Sabuni. Aliyebaki hai ni nani? Mimi. Nikishakatwa hili koo, nani atajua kwamba Mrefu aliogopa paka? Nani atajua Mama Taa alikuwa na watoto wanne na kila mmoja alimpeleka shule tofauti ili wasichekwe pamoja?"

 Jina moja kati ya yale matatu lilimpita Fundi puani kabla ya kumpita masikioni. Yeye hakutumia sabuni ya kunukia. Nyumba ile watu walioga kwa mche wa kufulia, na msusi aliponunua ya kunukia mara moja, mama yake aliitupa shimoni bila maelezo.

"Jumatano," Bibi alisema tena, akachukua kijiko cha uji. "Unishonee lile gauni la zambarau, limefumuka kwapani."

Fundi alilishona. Mkono ulishona vizuri, kichwa kikatafuta njia.

*

Jumatano Bibi aliamka akaoga, akavaa zambarau, akajipaka mafuta mpaka viwiko. Aliomba vikombe viwili na chupa ya chai viwekwe juu ya kigoda. Redio ilikuwa imewashwa kwa sauti ndogo. Alikaa kitandani akijisemea kwa midomo, akipanga kipi kitangulie, maana sauti ilikuwa kidogo na hakutaka kuimwaga kwa mambo ya ovyo.

Mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa tope. Fundi, kutoka barazani, aliliona begi jekundu tangu mbali. Aliona mama mnene akiruka madimbwi, viatu vyake vizuri mkononi, kandambili miguuni. Hakuwa ameamua neno. Hilo alilisema baadaye na lilikuwa kweli.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Mama yupo? Tumeahidiana."

Fundi alifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke mwenye mvi. Ilikuwa nyembamba, ya kukariri, ya mtoto aliyesimamishwa mlangoni na kuambiwa asipepese macho.

"Hayupo. Kasafiri. Hatujui atarudi lini."

Ndani, Bibi aliyasikia maneno yale. Alikuwa ndiye aliyeyafundisha. Kule kwenye safu ya vyumba vyao, askari walipokuja kukamata, watoto ndio waliosimama milangoni, na kila mtoto alijua maneno yake hayo kabla ya kujua kuhesabu. Kazi ya mama ilikuwa moja: kuyasikia na kutoweka. Hukuuliza ni nani. Hukuchungulia. Aliyechungulia alilala mahabusu.

Basi Bibi, na gauni lake la zambarau, na chai imeshamiminwa kikombe kimoja, alizima redio. Akateremka kitandani, akajipenyeza katikati ya kitanda na ukuta, akachuchumaa, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili ili kikohozi kisitoke. Hakuna kilichomwambia kwamba miaka imepita. Mwili ulikuwa umeitwa, nao ukaitika.

"Kasafiri?" mama wa begi jekundu alisema. "Na kesho si ndiyo..."

"Imeahirishwa. Mpaka mwezi ujao."

Yule mama alitazama ndani, kwenye pazia lililotulia. Alisikiliza. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, kimya ambacho yeye mwenyewe alikijua, na kwa kukijua huko hakukilazimisha. "Mwambie nilikuja," alisema. Akageuka. Kandambili zikapiga tope, paa, paa, paa, mpaka kona.

Fundi alipoingia hakumwona mtu. Aliona kikombe kinafuka. Kisha akaona kisigino.

"Wameondoka?" Bibi alinong'ona kutoka nyuma ya kitanda.

"Wameondoka, mama."

"Walikuwa wangapi?"

Hapo palikuwa na nafasi. Njia ilikuwa bado na nyayo mbichi, mtu angekimbia kidogo tu angemfikia. Fundi alimshika mama yake kwapani, pale aliposhona, akamwinua.

"Wawili," alisema.

Bibi alikaa akapangusa vumbi magotini. Aliingoja hodi mchana kutwa. Jua lilipoteremka alikunywa ile chai ya baridi mwenyewe, kikombe chake, halafu kikombe cha mgeni.

*

Hospitalini, asubuhi ya Alhamisi, karani aliuliza maswali bila kuinua uso. Umri. Dini. Mtu wa karibu.

"Kazi aliyokuwa akifanya?"

Bibi alifungua mdomo.

"Mfuaji," Fundi alisema. "Hotelini."

Karani akaandika. Bibi akafunga mdomo.

Waliketi kwenye benchi wakingoja kitanda cha magurudumu. Msusi alikuwa amekwenda kununua maji. Bibi alitazama mlango wa kuingilia, na kila begi lililopita alilifuata kwa macho.

"Hakuja yule mama," alisema.

"Hakuja."

"Labda mvua."

"Labda."

Bibi alikuwa akisugua kidole kwenye pete.  Muuguzi alitokea mwisho wa ukumbi akisukuma kitanda, gurudumu moja linalia. Bibi hakugeuka.

"Wale askari wa jana," alisema, kwa sauti iliyokuwa zaidi pumzi kuliko sauti. "Nilisikia kandambili. Nikajiambia, siku hizi askari wanavaa kandambili."

Fundi alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye benchi lenyewe.

Bibi alimpapasa shavu, kama mtu anayemsifu mtoto aliyerudi na matokeo mazuri.

"Ulisema vizuri," alisema. "Kama nilivyokufundisha."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Msusi alirudi na chupa ya maji, akamkuta mama yake ameinama, na kitanda kinakwenda, gurudumu linalia.

*

Bibi alirudi nyumbani na tundu kooni, na kitambaa cheupe alichofungwa juu yake kama kola. Fundi ndiye aliyevishona vitambaa hivyo, kwa mkono, vingi kuliko vilivyohitajika. Alijifunza kusafisha tundu, kuvuta makohozi kwa mrija, kugeuza mto. Bibi alikula, alilala, alitabasamu msusi alipomsuka. Kijiko kilikuwa pale pale juu ya kigoda. Hakukigusa.

Alfajiri ya kwanza Fundi alishukuru. Alfajiri ya pili alikuwa macho kabla ya jogoo, akingoja. Siku zilizofuata alianza kusikia ile ko moja mahali pasipo mtu: kwenye sindano ya cherehani inapovuka mshono mnene, kwenye tone la bomba, kwenye kifuniko cha sufuria kikipoa. Alikuwa akisimamisha gurudumu na kusikiliza. Alijikuta amesimama jikoni, maji yanamwagika, pua imejaa harufu ya sabuni ambayo haikuwemo nyumbani.

Mwisho wa mwezi, muuza viatu alikuja na ufunguo kwenye kiganja.

"Nahama, dada Fundi."

"Lakini hagongi tena!"

"Ndiyo sababu." Alikuna kichwa kwa aibu. "Usinicheke. Alipokuwa anagonga nilikuwa naudhika, narudi kulala. Sasa naamka mwenyewe, saa ileile, nangoja. Nakaa kitandani kama mtu aliyeachiwa zamu. Nani kaniachia, sijui. Mke wangu kaniambia ama nihame ama niende kuombewa."

Alipakia viatu vyake kwenye gunia, kila jozi imefungwa kamba. Fundi alitundika ufunguo kwenye msumari wa barazani, akamwambia msusi kile chumba kitahitaji kufagiliwa kabla hajapatikana mtu mwingine. Pesa ya dawa ilikuwa ikitoka mle.

Asubuhi hiyo hiyo alichukua simu, akaitafuta namba ambayo hakuwahi kuifuta.

*

Mama wa begi jekundu alisikiliza yote akiwa amesimama barazani, hakukubali kiti. Fundi hakujipunguzia. Alisema nilikudanganya, alikuwa ndani, alijificha kwa sababu nilisema yale maneno. Alisema sasa hana sauti na mimi ndiye niliyemnyima.

"Kuandika anajua?"

"Jina lake tu."

Yule mama alitikisa kichwa taratibu. "Nikwambie, dada. Tunalo sharti moja. Kila mmoja husema yake kwa kinywa chake. Maana sisi tumesemewa vya kutosha. Askari wametusemea, wahubiri wametusemea, waume na watoto wametusemea. Nikiwasha mashine usimulie wewe juu ya mama yako, nitakuwa nimeongeza msemaji mwingine tu."

"Nilikuwepo," Fundi alisema. Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulitamka mahali popote. "Nilizaliwa mle. Nilikulia kwenye ile safu."

"Najua. Hilo ni lako. La kwake ni la kwake."

Ko.

Wote wawili waligeuka. Pazia lilikuwa wazi. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kijiko mkononi, amegonga chuma cha kitanda. Alimnyooshea Fundi kijiko, kisha akakielekeza kwenye kinywa chake mwenyewe, kisha akagonga tena, mara moja, kwa nguvu. Halafu akatikisa kichwa kukataa, na kugonga mara mbili. Akawatazama kama mwalimu anayengoja darasa zito lielewe.

Yule mama wa begi jekundu na kinasa sauti ndiye aliyeelewa kwanza. Alivua kandambili, akaingia, akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Moja, ni kweli. Mbili, si kweli?"

Ko.

"Na mwanao akisimulia akakosea, unamkata?"

Ko, na macho yakacheka.

"Na tukifika mwisho, kitakuwa ni kinywa chako?"

Bibi alifikiri. Aligusa kitambaa cha kooni, kilichoshonwa na mwanawe. Ko.

Fundi alimwita msusi, akamtuma nyuzi nyeupe za mjini, za duka la mbali kabisa, na akamwambia asiharakishe. Msusi aliitazama mashine ndogo juu ya kigoda, akamtazama bibi yake, akasema haya mama. Akatoka.

*

Ilianza vibaya. Fundi alisema, "Mama yangu alipata taabu, kwa hiyo akalazimika..." Ko ko. Akaanza upya: "Walikuwa wanawake wenye huzuni..." Ko ko! Mama wa kinasa alijizuia kucheka.

"Sema ulichokiona," alimwambia. "Acha kutuombea msamaha."

Fundi alifuta jasho. Akashika kipande cha kola mkononi, akaanza kukikunja na kukikunjua, na alipokuwa akikunja maneno yakaja.

Ile safu ilikuwa ya vyumba vilivyoshikana migongo, kutoka getini mpaka kwenye bomba la maji. Kila mwanamke na chumba chake. Mwanamume akishaondoka, mwenye chumba aligonga ukuta mara moja: nipo, nimebaki mzima. Jirani alipokea. Na alfajiri, kabla ya kulala, mlio ulianzia getini ukapita ukuta kwa ukuta mpaka bombani. Ukikatika mahali, waliamka wote wakaenda kwenye mlango huo. Ko. Mrefu aligonga kwa pete. Mama Taa kwa ngumi. Ko ko. Kwa kifundo cha kidole, samahani mama, kwa kifundo. Ko. Mama kwa kijiko, na ndiyo maana kule aliitwa Kijiko. Sabuni kwa kizibo cha chupa.

Aliposema jina hilo alisimama.

"Endelea," mama wa kinasa alisema.

Sabuni aliitwa hivyo kwa sababu alioga kila mwanamume akitoka, hata usiku wa baridi, kwa sabuni ya waridi aliyoifunga kwenye plastiki asije mtu akaiiba. Alikuwa anacheka kama bata. Siku Fundi alipoanza shule, mama yake alikuwa ameshikwa na askari usiku wa kuamkia siku hiyo. Sabuni ndiye aliyemwogesha, akamvalisha, akajifunga kilemba cha heshima, akampeleka. Akasema yeye ni shangazi. Mwalimu akasimama, akamwambia karibu shangazi, keti. Akampa kiti chake mwenyewe. Ko. Sabuni aliirudia habari ya kile kiti mpaka wenzake wakamchoka. "Mwalimu kanipa kiti, jamani! Sijaulizwa chochote. Kiti!" Wakitaka kumtania walikuwa wakisema, mpisheni, mwenye kiti anapita. Ko. Ko. Bibi alikuwa akigonga bila hata kungoja mwisho wa sentensi, na machozi yalikuwa yanateremka mpaka kwenye kitambaa.

"Halafu Sabuni akaondoka," Fundi alisema. "Akaolewa na dereva wa lori, akaenda mbali."

Ko ko.

"Mama, wewe ndiye uliyeniambia."

Ko ko.

 Mtaani mtu alikuwa akiuza mifagio kwa kupaza sauti.

"Mlio ulikatika," Fundi alisema, polepole. "Nilikuwa nimelazwa kwa Mama Taa. Nilisikia kijiko. Kizibo hakikujibu. Nikasikia kijiko tena. Halafu milango. Nilichungulia. Walimtoa kwenye shuka, wameshika pembe nne, mguu mmoja umening'inia nje, kucha nyekundu. Mrefu alikuwa akiurudisha ndani na ulikuwa ukitoka tena." Ko. "Mlimwogesha uani. Kwa sabuni yake. Yote, mpaka ikaisha. Ua mzima ulinuka waridi." Ko. "Askari aliuliza jina lake nani. Mkatazamana, hakuna aliyelijua. Akaandika mwanamke. Hilo tu." Ko. "Na yule mwanamume hakutafutwa." Ko. "Ukasema kwangu kaolewa. Nami nikakubali, lakini sikuweza tena kuoga na sabuni inayonukia. Na wewe kila alfajiri ukawa unagonga ukuta wake. Aliingia mpangaji mwingine, ukagonga. Tulihama, ukagonga. Kila nyumba tuliyokaa ulichagua kitanda kiwe upande wa ukuta wa jirani."

Ko.

"Siku moja nilikuhurumia. Nilikuwa mdogo. Nikazunguka chumba cha pili, ulipogonga nikagonga, ili udhani ni yeye. Ulikuja mbio. Ulinipiga kofi, mara pekee maishani. Ukasema, watoto hawagongi! Anayegonga ni wa safu. Wewe si wa safu, wewe unakwenda shule." Fundi alikunja kola ikawa ndogo kama tembe. "Nimekaa hivyo mpaka leo. Sijagonga."

 Bibi hakugonga moja wala mbili. Hatimaye aligeuka, kwa shida, kwa kuinua mguu mmoja kisha wa pili, akauelekea ukuta. Akainua kijiko. Aligonga mara moja, kama alivyogonga maisha yake yote, akafumba macho akangoja.

Kutoka upande wa pili, kwenye chumba kisicho na mtu, ukuta ulijibu.

Ko.

Mama wa kinasa alishika kifua. Kijiko kilianguka kutoka mkononi mwa Bibi kikalia sakafuni. Fundi aliinuka, akatoka barazani. Kwenye msumari hapakuwa na ufunguo.

Mlango wa muuza viatu ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, katikati ya sakafu iliyofagiliwa nusu, msusi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, ufagio umelala mapajani. Chanuo lilikuwa mkononi mwake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nyuzi?" Fundi aliuliza.

"Sikwenda."

"Upo hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu mnaomba msamaha." Msusi alipangusa pua kwa kitambaa cha kichwani. "Mama, kumbe ulipelekwa shule na mtu wa maana hivyo, hujawahi hata kuniambia."

Fundi alisimama mlangoni. Alijiandaa kusema kitu juu ya heshima, juu ya watu, na hakukipata mahali kilipokuwa. Akaingia. Alijishusha sakafuni taratibu, mkono kiunoni, mpaka bega lake likagusana na la mwanawe na ukuta ukawa mgongoni mwao wote wawili.

Upande wa pili walisikia mtu akiokota kijiko, na sauti ya mama wa kinasa ikisema, taratibu dada mkubwa, shika.  Kisha, karibu kabisa na mifupa yao, ko.

Msusi aliinua chanuo, akasita. Alimtazama mama yake, akateremsha mkono.

Fundi alikunja kidole. Aliutazama ukuta, rangi imebanduka pale viatu vilipokuwa vikiegemezwa. Akagonga mara moja.